Chaguo-msingi ni la nani?

Usiku wa kuamkia Jumapili ya Matawi mwaka jana, mnamo saa tano, seva ya mawasiliano ya seminari yetu iligoma. Sisi mafrateri watatu tuliokabidhiwa chumba cha kompyuta tulikuwa tumeanza kuisasisha baada ya masifu ya jioni, tukidhani ni kazi ya saa moja. Kwaya ilikuwa inasubiri orodha ya nyimbo, watumishi wa altare hawakujua nani anabeba nini kwenye maandamano, na Padre Mlezi alikuwa ameshapita mlangoni mara mbili akiuliza, kwa ule upole unaotisha kuliko ukali, "Mmefika wapi, mafrateri?"

Tulichokifanya dakika chache baadaye kilikuwa kosa. Tumeshaliungama kwa walezi na kwa waliohusika, kwa hiyo hatuliandiki hapa ili tuonekane wanyenyekevu. Tunaliandika kwa sababu tunaamini parokia nyingi, shule nyingi na mashirika mengi ya Kanisa yako mahali tulipokuwa sisi usiku ule, na hayajui.

Turudi nyuma kidogo. Januari 2021 WhatsApp ilipotangaza masharti mapya ya faragha, watu wengi duniani walishtuka, na walezi wetu nao wakajiuliza swali ambalo lilikuwa halijaulizwa: katika makundi yetu yote ya simu, nani anaona namba za nani? Jibu lilikuwa kwamba kila aliyemo kwenye kundi anaona namba ya kila mwenzake. Mama wa mtoto wa Komunyo ya Kwanza, kijana wa VIWAWA, katekista, na yule mtu aliyeongezwa na rafiki ya rafiki, wote walikuwa wameanikwa pamoja. Ndipo kaka zetu waliotutangulia wakaweka seva ya seminari yenyewe. Walichagua Synapse, programu huria ya mfumo uitwao Matrix, ambayo mtu anaweza kuiweka kwenye kompyuta yake mwenyewe. Kwenye simu unatumia Element au programu nyingine inayofanana nayo. Huhitaji kutoa namba ya simu. Unahitaji jina na nenosiri. Kompyuta yenyewe ni ya zamani, iko chini ya meza, na ina betri ya kuisaidia umeme unapokatika. Polepole wakaingia kwaya, wanafalsafa, makatekista wa vigango, na walezi wa Utoto Mtakatifu.

Kisha kaka zetu wakaenda teolojia, wakatuachia funguo za chumba na karatasi moja ya maelezo. Seva ilikuwa inafanya kazi. Kitu kinachofanya kazi hakiguswi, ndivyo tulivyoambiwa, nasi tukatii kwa furaha yote ya watu wenye mtihani wa metafizikia.

Kuna neno ambalo waliotafsiri kompyuta kwa Kiswahili wametupa: chaguo-msingi. Ni ile hali ambayo programu inakuwa nayo kama hujasema lolote. Simu mpya ina mlio wake, nao ni chaguo-msingi. Neno hili ni zuri, lakini linaficha kitu. Linasema kuna chaguo, bila kusema aliyechagua ni nani. Ukimwuliza mtumiaji, atakwambia, "Mimi sikuchagua, nimeikuta hivyo." Ukimwuliza mtengenezaji, atakwambia, "Mimi sikumlazimisha, angeweza kubadilisha." Chaguo limefanyika na mchaguaji haonekani. Kwa mwanafalsafa wa mwaka wa pili jambo hilo linatosha kumkosesha usingizi, au angalau kumpa mada ya insha.

Wengine watasema ni jambo dogo. Mwaka 2003 watafiti wawili, Eric Johnson na Daniel Goldstein, walichapisha katika jarida la Science ulinganisho wa nchi za Ulaya kuhusu watu kukubali viungo vyao vichangiwe wakifa. Ujerumani waliokubali walikuwa asilimia 12. Austria, jirani wa lugha moja na mila zinazokaribiana, walikuwa zaidi ya asilimia 99. Waaustria hawakuwa na mioyo mikunjufu mara nane kuliko Wajerumani. Ujerumani mtu alihesabiwa hakukubali mpaka aseme amekubali; Austria alihesabiwa amekubali mpaka aseme amekataa. Wengi wa pande zote mbili hawakusema lolote. Aliyeandika fomu ndiye aliyewasemea.

Sasa usasishaji. Seva yetu inatumia Debian, na Debian ina utaratibu wake wa kushughulikia mipangilio kifurushi kipya kinapoingia. Kama faili la mipangilio hujawahi kuligusa, na watengenezaji wamelibadilisha, linabadilishwa kimyakimya. Hakuna swali. Kama umeligusa, nao wamelibadilisha, mfumo unasimama na kukuuliza: uweke lao au ubaki na lako? Herufi Y ni kuweka lao, N ni kubaki na lako, D ni kuonyeshwa tofauti zilizopo kati ya hayo mawili. Ukibonyeza Enter tu bila kusema neno, unabaki na lako. Yaani hata swali kuhusu chaguo-msingi lina chaguo-msingi lake.

Tuliutafakari sana utaratibu huu baadaye, na tunaona una busara kuliko tabia za wakubwa wengi. Aliyejishughulisha anaulizwa. Asiyejishughulisha haulizwi, kwa sababu tangu mwanzo alikubali kuamuliwa, hata kama hakujua kwamba amekubali. Lakini kuna hali ya tatu, na hii ndiyo iliyotukamata. Mipangilio mingi ya Synapse haimo kabisa kwenye faili. Mstari usiokuwepo unachukua thamani iliyoandikwa ndani ya programu yenyewe. Watengenezaji wakiibadilisha huko ndani, faili lako linabaki vilevile, hakuna swali linalotokea kwenye skrini, na asubuhi seva yako si ile ya jana. Habari hiyo inapatikana mahali pamoja tu: katika maelezo ya toleo, ambayo watengenezaji huyachapisha kila mara, na ambayo sisi hatukuyasoma.

Swali la Y na N lilitokea saa tatu usiku. Tukabonyeza Enter. Tulipata bahati katika hilo, kwani tungeweka faili lao tungepoteza mstari unaoielekeza seva kwenye hifadhidata yetu ya PostgreSQL, na kila mtu angekuta nyumba tupu. Lakini tulibonyeza Enter kwa uvivu, tusijisifie busara. Herufi D ilikuwa pale pale.

Seva ikakataa kuanza. Tulipofungua kumbukumbu zake tukakuta sababu imeandikwa wazi. Tangu toleo la 1.56, la Aprili 2022, Synapse haikubali kuanza kama umeruhusu watu kujiandikisha ovyo, bila kuthibitishwa kwa baruapepe, au kwa lile jaribio la kuonyesha kwamba wewe si roboti, au kwa msimbo maalumu. Watengenezaji walifikia hapo kwa sababu seva nyingi zilizoachwa milango wazi zilikuwa zinatumiwa na wahuni kufungua akaunti za kusumbua watu mtandao mzima. Na kwetu? Kaka yetu mmoja, mwaka 2021, aliandika mstari wa kuruhusu kila mtu ajiandikishe mwenyewe. Pembeni yake aliacha maelezo mafupi: kwa wiki hii ya uzinduzi tu. Wiki hiyo ilikuwa imedumu miaka.

Ujumbe wa kosa ulitupa pia njia ya kutokea. Ukitaka kweli kuacha mlango wazi, uongeze mstari mmoja wenye jina refu la Kiingereza, ambalo kwa lugha yetu ni sawa na kusema: ruhusu kujiandikisha bila uthibitisho. Tunawasifu waliobuni jina hilo. Hawakuliita "hali rahisi" wala "hali ya kawaida". Walilipa jina la tendo lenyewe, ili anayeliandika aandike kwa mkono wake kile anachokifanya.

Tukaliandika. Ilikuwa saa tano na robo. Mmoja wetu alisema, "Tuiwashe, Jumatatu tutaangalia." Hakuna aliyebisha. Seva ikawaka, nyimbo zikafika kwa kwaya, Padre Mlezi akatushukuru, tukaenda kulala tukijiona watumishi waaminifu.

Jumatatu tulitazama orodha ya akaunti kwa mara ya kwanza tangu tukabidhiwe funguo. Zilikuwa zaidi ya 200. Tukakaa na daftari, jina kwa jina, tukiwapigia simu wenyeviti wa jumuiya na makatekista. Zilibaki 43 ambazo hakuna aliyezijua. Nyingi zilikuwa majina ya herufi na tarakimu zisizo na maana, akaunti za roboti bila shaka. Lakini tatu kati yake zilikuwa ndani ya chumba cha Utoto Mtakatifu. Chumba hicho kilikuwa kimewekwa wazi kwa kila mwenye akaunti, kwa hoja kwamba seva ni ya nyumbani na wote humo ni watu wa nyumbani. Humo wazazi walikuwa wanaweka picha za watoto wao: Komunyo ya Kwanza, hija, michezo ya Noeli, na majina chini yake, na shule wanazosoma.

Akaunti hizo tatu hazikuwahi kuandika neno. Zilikuwemo tu.

Tukatafuta zilikotoka. Hapo tukakutana na chaguo-msingi jingine. Tangu toleo la 1.4.0, la Oktoba 2019, Synapse hufuta historia ya anwani za mtandao za watumiaji baada ya siku 28, na ujumbe ambao mwenyewe ameufuta huondolewa kabisa kwenye hifadhidata baada ya siku saba. Ni mipangilio inayomheshimu mtu, na siku nyingine yoyote tungeisifia. Siku ile ilitunyima tulichokuwa tunakitafuta. Ilibaki anwani ya mwisho ya kila kifaa, nayo haikutufikisha popote. Hatukuwa tumechagua kulinda faragha ya wageni wale, kama ambavyo hatukuwa tumechagua kuwafungulia watoto wetu mlango. Yote mawili yalitukuta.

Tulimweleza Padre Gambera siku hiyo hiyo. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama mlango umefungwa, tukasema umefungwa, akasema, "Basi Jumapili mtawaambia wazazi wenyewe." Tulikuwa tumetumaini angewaambia yeye.

Tukasimama baada ya matangazo ya Pasaka, watatu, mbele ya parokia. Wazazi wengine walituhurumia. Wengine walikasirika, na walikuwa na haki. Mama mmoja aliuliza swali ambalo hatujaacha kulikumbuka: "Huo mlango, nani aliuacha wazi?" Tulianza kueleza: kulikuwa na mpangilio wa zamani, aliyeuweka ameshahama, toleo jipya lilibadilika. Akatukatiza: "Sijauliza mashine. Nimeuliza nani." Tukasema, "Ni sisi, mama."

Hapo ndipo ilipo hoja yetu. Chaguo-msingi halina uso wa kuulizwa. Ndiyo maana ni kimbilio zuri kwa anayeogopa kuwajibika. Kaka yetu aliuweka mstari wake kwa nia njema na kwa muda. Watengenezaji walibadilisha msimamo wao kwa sababu njema na wakatangaza. Kati ya hao wawili tulikuwa sisi, na sisi tu ndio tuliokuwa na macho ya kuwaona watoto wale. Mtengenezaji hajui kama seva yake iko kwenye kampuni ya London au chini ya meza ya seminari. Anamfikiria mtu wa wastani asiyemfahamu. Anayewafahamu watu kwa majina ni msimamizi, na msimamizi akijibu "nimeikuta hivyo" anakuwa ameikana kazi pekee ambayo hakuna mwingine anayeweza kuifanya.

Tulilibeba jambo hili darasani, kwa kuwa muhula huo tulikuwa tunasoma maswali ya Mtakatifu Thoma wa Akwino juu ya sheria. (Kuna anayetegemea tumtaje Mtakatifu Carlo Acutis, maana siku hizi kila makala ya kompyuta katika Kanisa humtaja. Atuombee. Lakini kwa hili tulimhitaji Thoma.) Katika Summa Theologiae, sehemu ya kwanza ya Sehemu ya Pili, swali la 90, Thoma anaweka kutangazwa kuwa sehemu ya maana yenyewe ya sheria: sheria isiyowafikia wanaotakiwa kuifuata haiwezi kuwaongoza. Na katika swali la 97 anauliza kama sheria ya wanadamu ibadilishwe kila mara linapopatikana jambo bora zaidi. Anasema hapana. Mabadiliko yenyewe, kwa kuwa tu ni mabadiliko, yana hasara, kwani desturi husaidia sana watu kuishika sheria. Kwa hiyo faida ya sheria mpya lazima iwe kubwa kiasi cha kufidia hasara hiyo.

Mwenzetu mmoja aliidaka hoja hiyo kwa mikono miwili: basi tusisasishe mara kwa mara, Thoma ametuunga mkono. Hatukubaliani naye, na tulibishana hadi kengele ya chakula. Thoma anazungumzia desturi iliyo njema. Desturi yetu ya mlango wazi haikuwa njema. Ilikuwa usahaulifu uliozeeka. Tena yeye mwenyewe anasema sheria inaweza kubadilishwa pale manufaa yanapokuwa makubwa na dhahiri, au sheria ya zamani inapokuwa na madhara. Kinachobaki katika hoja yake ni kwamba mabadiliko yana gharama, na gharama hiyo inalipwa na watu. Anayebadilisha aijue kabla ya kubonyeza.

Sheria za Kanisa zina hekima hapa ambayo mafundi wa kompyuta wangeweza kuiazima. Kanuni ya 8 inasema sheria za Kanisa zima huanza kufanya kazi miezi mitatu baada ya kutangazwa, isipokuwa pale ambapo asili ya jambo lenyewe inadai zifungamane mara moja. Kanuni ya 9 inasema sheria hutazama yajayo, siyo yaliyopita, isipokuwa imetajwa hivyo. Synapse hutoa toleo jipya takriban kila wiki mbili, kwa hiyo hakuna anayedai miezi mitatu kwa kila moja, na tundu la usalama likishatangazwa haliruhusu kusubiri hata usiku mmoja, kwa maana mwizi naye anasoma matangazo. Hiyo ndiyo asili ya jambo. Lakini pale ambapo mabadiliko yanagusa nani anaingia, nani anaona, na nini kinatunzwa, watu wa parokia wanastahili kuambiwa kabla, kwa Kiswahili, kutoka kwa mtu wanayemjua.

Kanuni ya 9 nayo ina picha yake kwenye seva. Tangu Mei 2020 programu ambayo sasa inaitwa Element huanzisha vyumba vya faragha vikiwa na usimbaji fiche, yaani hata sisi wasimamizi hatuwezi kusoma yaliyomo. Vyumba vya zamani haviguswi. Wengi wanadhani kwa sababu programu ni mpya, basi kila kitu ndani yake kimelindwa upya. Sivyo. Chumba kilichofunguliwa bila fumbo kinabaki bila fumbo mpaka mtu akiwashie, na ukishawasha huwezi kuzima. Chumba cha Utoto Mtakatifu tulikifunga, tukafungua kingine cha kualikwa tu.

Tuseme pia upande wa pili, maana chaguo-msingi jipya lilitulinda lakini halikuwa limetufikiria. Njia tatu za uthibitisho ni baruapepe, jaribio la kuzuia roboti, na msimbo. Ya kwanza ndiyo iliyozoeleka zaidi, na ndiyo tuliyokimbilia Jumatatu ile. Ndani ya wiki moja tulikuwa tumewafungia nje makatekista wapya wanne. Mmoja wao ni mzee wa kigango cha mbali, anayetumia simu ya mwanawe na ambaye hajawahi kuwa na baruapepe wala haoni kwa nini awe nayo. Alitupigia akauliza, bila hasira, "Mafrateri, kwani kwenda kwa Padre siku hizi kunahitaji baruapepe?" Programu inapodai baruapepe, inasema mtu wa kawaida ni nani. Mzee yule hakuwemo katika maelezo hayo. Kama tungeacha chaguo la wengine litawale kwa sababu ni salama, tungekuwa tumewabadilishia watoto wetu wazee wetu.

Tukahamia kwenye misimbo. Msimamizi anatengeneza msimbo, anauwekea idadi ya mara unazoweza kutumika na tarehe ya mwisho wake, na bila huo hakuna anayejiandikisha. Misimbo tunawapa wenyeviti wa jumuiya ndogo ndogo, mmoja kwa kila mtu anayehitaji, unaotumika mara moja na kufa baada ya siku saba. Mwenyekiti anampa muumini anayemfahamu uso kwa uso. Waamini walielewa mara moja, kwa sababu ni kitu wanachokijua tangu zamani: hakuna anayebatiza mtoto au kufunga ndoa bila barua ya jumuiya. Tulikuwa na jibu hilo kabla ya kuwa na kompyuta.

Kwenye meza ya seva sasa kuna daftari la karatasi. Kila mstari tuliouandika tofauti na walivyoutaka watengenezaji umo humo: ulivyo, aliyeuweka, sababu, na tarehe ya kuutazama tena. Hakuna neno "kwa muda" bila tarehe. Kabla ya kusasisha, mmoja anasoma maelezo ya matoleo yote tuliyoyaruka, mwingine anabonyeza D na kusoma tofauti kwa sauti, na hatusasishi usiku wa kuamkia sikukuu. Kaka mmoja wa teolojia alipotutembelea alicheka akasema tumegeuza kompyuta kuwa liturujia. Tulimwonyesha mstari wake wa 2021. Akaacha kucheka, akaomba kalamu, akaandika jina lake pembeni.

Wapo wanaotuambia tunakuza mambo, waumini hawataki kusikia habari za mipangilio, wanataka ujumbe ufike. Ni kweli ujumbe lazima ufike. Lakini kanuni ya 220 inampa kila mtu haki ya kulindiwa faragha yake, na nchini kwetu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaanza na dai hilo hilo. Hakuna kati ya hizo inayosema "isipokuwa pale ambapo fundi amechoka". Na wanaotuambia turudi WhatsApp ili tuepuke usumbufu, tunawaomba wafungue mipangilio yao sasa hivi, sehemu ya faragha, waone nani anaruhusiwa kuwaongeza kwenye makundi. Kama hawajawahi kuigusa, watakuta imeandikwa: kila mtu. Waamue wenyewe kama ndivyo wangependa.

Usasishaji ujao tumeupanga baada ya Ekaristi Takatifu. Tangazo limebandikwa kwenye ubao wa kanisa na kusomwa katika jumuiya: nini kitabadilika, nani wa kuulizwa, namba za chumba chetu na majina yetu matatu. Wazazi wengi wamerudi kwenye chumba kipya cha Utoto Mtakatifu. Yule mama aliyetuuliza bado hajarudi. Tulimpelekea msimbo wake kupitia mwenyekiti wa jumuiya yake. Ukaisha siku zake saba bila kutumika. Tumemwandalia mwingine.